Brauni haidai pakiti wala oveni

Kwa Mhariri,

Assalaam aleikum na salamu kwa wote hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu kutoka Lamu, mtaa wa Langoni, na gazeti likinifikia mkononi naanza na ukurasa wa mapishi, siasa baadae. Ukurasa huo ndo umenikalisha kitako niandike barua hii. Mumetoa mapishi ya brauni za chokoleti, picha inatamanisha mashallah, lakini mstari wa kwanza unasema nunua pakiti ya unga wa brauni uliochanganywa tayari, wa pili unasema washa oveni nyuzi 180, alafu ni mayai, mafuta, maji, koroga, oka, yamekwisha. Mapishi hayo yanamfaa mtu mwenye vitu viwili, pesa ya kununulia hiyo pakiti na oveni ya kuokea, na wasomaji wenu wengi tu huku pwani hawana hiki wala kile, kwahivo mwawaachia picha waiangalie.

Mimi nasema hivi, na mniwie radhi nikilisema kwa urefu manake jambo lenyewe lanigusa: katika keki zote za kizungu zilotufikia, brauni ndo inayokubaliana na sufuria na jiko letu la makaa kushinda zote, na ndo isohitaji pakiti hata kidogo. Angalia keki ya kawaida. Ile lazima iumuke, na ili iumuke sawasawa yataka moto ulotulia pande zote, ukifunua katikati kuchungulia inakaa chini na haiinuki tena, ukizidisha moto upande mmoja inapanda huku na kuanguka kule. Brauni haina kazi ya kuumuka. Ni fupi, nzito, imeshikana, unga wake mchache na mafuta yake mengi, haitiwi beking pauda wala magadi, na ile hali ya kuwa na unyevu unyevu katikati ndo inayotafutwa. Keki isotaka kuumuka na isotaka kukauka, kwa nini imtishe mtu ambaye tangu utotoni anakula mkate wa mayai na mkate wa kumimina uliookwa kwa makaa juu na makaa chini?

Tuanze na hiyo pakiti. Vitu vinavyoandikwa nyuma ya pakiti hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kushinda vyote kinatangulia, na ukizigeuza nyingi katika hizi za brauni utakuta kinachotangulia ni sukari, kinafuata unga wa ngano, kakao iko huko nyuma yake. Na mayai bado utavunja ya kwako, mafuta ya kwako, moto wa kwako. Yaani umelipia sukari na unga, vitu ambavyo viko duka la mtaani kwa kupima, kwa bei ya kitu kilichovuka bahari, na kile kimoja chenye thamani ndani yake ndo kimetiwa kidogo. Na huku kwetu bei hiyo inazidi kupanda njiani, manake bidhaa ikitoka Mombasa inapanda lori mpaka Mokowe, pale inashushwa, inatiwa botini, inavuka, inapandishwa punda au mkokoteni ndo ifike dukani, na kila mkono ulioishika una chake. Mimi sina ugomvi na mtu anoinunua pakiti kwasababu hana muda, ana kazi, ana watoto, hayo ni yake na Mungu ampe wepesi. Ugomvi wangu ni gazeti kumfundisha mtu kwamba hiyo ndo njia, hasa kijana ambaye hajawahi kuona njia nyingine.

Sasa kakao, na hapa naomba mpishi wenu asome polepole kwasababu hapa ndo watu wanapopotea. Kakao ninoisema ni ule unga mtupu, mchungu, haukutiwa sukari wala maziwa. Madukani umekaa rafu moja na ule unga wa chokoleti ya kunywa, mikebe yafanana, na watu wengi wanachukua ile ya kunywa wakijua ni kitu kimoja. Si kimoja. Ile ya kunywa kwa sehemu kubwa ni sukari, na ukiitia kwenye brauni juu ya sukari ulopima itatoka tamu ya kukwaruza koo, rangi imepauka, na ladha ya chokoleti huioni. Njia ya kujua ni kusoma mkebe, na ukishafungua chovya kidole ulambe, ukikuta utamu basi hiyo wape watoto na maziwa yao ya usiku, ukikuta uchungu wa kukunja uso hiyo ndo yenyewe. Kuna iliyotiwa alkali, dawa ya kuipunguzia ukali, hiyo ni nyeusi na laini zaidi, na kuna isotiwa, ina wekundu na ukali kidogo. Kwa keki yenye magadi tofauti hiyo ni kubwa, kwa brauni isokuwa na magadi zote mbili zafanya kazi, chukua utakayoipata.

Na kwa nini nasema unga wa kakao, nisiseme chokoleti ya kipande? Kwasababu niko Lamu. Mafuta ya kakao yanayeyuka karibu na nyuzi 34, chini ya joto la mwili wa mtu, na msimu wa kaskazi jua likishawaka kile kipande kimeyeyuka kwenye lori, kikaganda usiku, kikayeyuka tena kwenye boti, kikifika dukani ukikifungua kimeota weupe juu. Ule weupe si ukungu msije mkautupa, ni mafuta yalopanda juu yakagandia hapo, hayadhuru kitu. Lakini vipande vingi vya bei nafuu hata mafuta yenyewe si ya kakao, ni ya mawese au mengine ya mimea, na huwezi kujua kiasi gani cha kakao kimo ndani. Unga haujui jua wala boti. Mkebe ukifunikwa vizuri unakaa miezi. Na unga huu una habari yake nzuri: ni Uholanzi, mwaka 1828, familia ya van Houten ilipopata hati ya kumiliki njia ya kukamua mbegu za kakao kwa mashini, mafuta yakatoka upande mmoja na upande wa pili pakabaki kibonge kikavu cha kusagwa. Ndo maana brauni ya unga wa kakao inataka siagi ya kutosha, unarudisha mafuta yalokamuliwa, na siagi ina ladha ambayo yale yalotolewa hayana.

Kakao ilipopanda bei msimlaumu mwenye duka. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Kodivaa na Ghana, na kule mvua zilivurugika na miti ikapatwa na maradhi, mpaka mwezi wa Disemba 2024 tani moja kwenye soko la New York ikapita dola 12,000, bei ambayo haikuwahi kuonekana, baadae ikashuka. Kwa hivo hapa nyumbani mtu anunue mkebe mdogo, aufunike vizuri, autumie kwa kupima. Na msiseme kakao ni kitu cha mbali, majirani zetu wanailima, Tanzania kule Kyela mkoa wa Mbeya, Uganda kule Bundibugyo. Ningefurahi siku moja ukurasa wenu umpeleke mwandishi kwa mkulima wa Kyela badala ya kutuandikia jina la pakiti.

Sasa moto. Binti wa jirani yangu alikuja na gazeti lenu mkononi akanambia, "Bi, haya mimi yamenipita, sisi hatuna oveni." Nikamuuliza, mamako wali wa nazi anaukaushaje? Akasema anaupalia, yaani anaweka makaa juu ya mfuniko. Nikamwambia basi oveni munayo. Akacheka, lakini alasiri tulishuka uani tukaifanya na nilimwacha aishike mwenyewe kila kitu, mimi nikakaa kwenye kigoda nikisema tu.

Nielezee vile alivofanya kwasababu hapo pana siri yote. Tulichukua sufuria nzito ya aluminiamu, ile ya ukuta mnene, ile nyepesi ya bati haifai kabisa manake inashika moto sehemu moja tu na kuunguza. Upana wake chini kama sentimita 20. Akakata karatasi duara akaipaka samli pande zote mbili akailaza chini, na ukanda mwingine ukutani. Jikoni makaa yalikuwa yameshawaka yakawa mekundu yote hayana moshi. Akayatoa zaidi ya nusu kwa koleo akayaweka kwenye karai kando, yale machache yalobaki akayasambaza pembeni pembeni, katikati pakawa patupu, alafu akanyunyizia majivu juu yake mpaka wekundu ukafifia. Hapo alisita, akasema Bi tutaivisha kwa moto huu? Nikamwambia weka mkono. Ukiweza kuuweka mkono juu ya jiko, pale sufuria itakapokaa, ukahesabu polepole mpaka sita au saba kabla ya kuuondoa, moto wa chini ni huo huo. Sukari ni nyingi kwenye brauni na sukari inaungua upesi, kwa hivo moto wa chini kazi yake ni kupasha joto tu. Kinachoivisha ni moto wa juu. Mfuniko wa bati bapa ukafunika, na yale makaa ya kwenye karai yakapanda juu ya mfuniko, mengi yakiwa ukingoni, machache katikati.

Vifuu vya nazi pia vyafaa, lakini vinawaka kwa ukali na kwisha upesi, kwa hivo mtu avitumie juu tu na awe na vingine tayari.

Wakati huo mchanganyiko ulikuwa tayari, na huo nao nausema kwa vipimo. Siagi gramu 150, sukari nyeupe gramu 250 ambayo ni kikombe kimoja na robo, unga wa kakao gramu 75, yaani robo tatu ya kikombe ilojaa vizuri, unga wa ngano gramu 75 ambao ni nusu kikombe na kijiko kimoja cha kulia juu yake, mayai matatu, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai. Basi. Hakuna kingine, na hivi vyote isipokuwa kakao na vanila viko katika nyumba yoyote inopika mahamri.

Siagi na sukari zinatelekwa pamoja kwenye moto mdogo, unakoroga mpaka siagi iyeyuke yote na sukari ianze kulainika, uone imekuwa kama mchanga uloloa maji, isichemke. Unaepua. Unatia kakao na chumvi palepale ikiwa moto, kwasababu kakao ikikutana na mafuta ya moto harufu yake inafunguka, yule binti aliinamia sufuria akafumba macho, sikumwambia kitu. Ikae ipoe kidogo mpaka ukigusa kwa kidole iwe vuguvugu, ukitia mayai ikiwa moto yataiva vipande vipande na kazi yote imeharibika. Vanila inafuata. Mayai yatiwe moja moja, na kila moja lipigwe kwa nguvu kwa mchapo au hata uma tu, kwa mkono, miksa ya umeme haihitajiki na stima ikipotea hutajua. Hapa usione uvivu. Piga mpaka mchanganyiko uanze kung'aa na kuvutika, ukiinua mwiko uteremke mzito kama utepe. Ile ngozi nyembamba ya juu ya brauni inong'aa na kupasuka pasuka, inayoonekana kwenye picha yenu, inatoka hapa, ni sukari ilolainishwa kwenye siagi ya moto na mayai yalopigwa sawasawa. Pakiti halikuwapa hiyo ngozi, mkono ndo uliitoa.

Alafu unga, na kwa unga ni kinyume chake. Unga uchungwe, utiwe, ukorogwe kwa mwiko mpaka usionekane weupe, uachwe. Ukiendelea kukoroga unga wa ngano unavutana na brauni inatoka ngumu ya kutafuna. Wale mnaokanda mahamri mnajua, kule tunaukanda unga kusudi uvutane, huku tunataka kinyume. Mimina, sawazisha, teleka, palia.

Dakika 25 hivi kama una oveni ya nyuzi 170, kwa makaa ni kati ya 30 na 40 kulingana na makaa yenyewe, na hapa saa haisaidii sana, pua ndo inosaidia. Ukianza kusikia harufu ya chokoleti imejaa ua mzima, jiandae. Funua kwa uangalifu majivu yasiingie, chukua njiti ya chelewa ilokoshwa, ichome katikati. Kwa keki nyingine tunafundishwa njiti itoke safi. Kwa brauni njiti ikitoka safi ushachelewa, imekauka. Ikitoka na uji uji bado, funika. Ikitoka na vibonge vidogo vyenye unyevu vimegandia, epua saa hiyo hiyo, ondoa na makaa ya juu, kwasababu sufuria nzito inaendelea kuivisha hata ikiwa chini. Yetu ilivyofunuliwa ilikuwa imeshikana ukingoni, katikati inatikisika kidogo sana ukiigusa sufuria, na juu imefanya ule ufa mwembamba wa kung'aa kutoka ukuta hadi ukuta. Binti akataka kukata. Nikamzuia. Brauni ikikatwa moto inameguka na kukuganda kisuni, yataka ipoe kabisa, ikitoka alasiri ikatwe baada ya isha, na kisu kichovywe maji ya moto na kupanguswa kila baada ya mkato. Na ukiweza kungoja, kesho yake ni tamu zaidi kushinda leo, unyevu umeshaenea na kakao imetulia.

Siagi ikiwa ghali, samli yafaa, na mimi kwa kusema kweli naipenda zaidi. Lakini msitie gramu kwa gramu. Siagi ina maji ndani yake, mafuta yake ni kama asilimia 80, samli maji yameshachemshwa yakaisha, kwa hivo badala ya siagi gramu 150 tia samli gramu 120 na maji vijiko viwili vya kulia. Samli nzuri ya ng'ombe inaipa brauni harufu ambayo hutaikuta katika hoteli yoyote. Majarini pia inafanya kazi lakini ladha inapungua, na kama yenyewe ina chumvi punguza chumvi.

Iliki nasema hapana. Najua nitapingwa, manake sisi huku iliki tunatia kila kitu, na kwenye mkate wa mayai ni lazima, lakini kakao ina harufu yake nzito na iliki inaivamia, unaishia husikii hii wala ile. Kama mtu ataka kuongeza kitu, aongeze kahawa. Kijiko kimoja au viwili vya kulia vya kahawa chungu ile ya kwenye dele, lile birika la kahawa, ilopikwa kavu bila tangawizi, itiwe pamoja na kakao. Hutasikia kahawa, utasikia chokoleti imekolea. Na korosho. Korosho zetu za pwani, zikaangwe kavu kidogo, zivunjwe kwa mkono, nusu kikombe, zitiwe mwisho kabisa baada ya unga. Kule brauni ilikoanzia wanatia kokwa za kwao ziitwazo jozi, ambazo hapa zauzwa kwa bei ya dhahabu, na gazeti linatuandikia hizo hizo ilhali mkorosho uko nyuma ya nyumba.

Na kwavile nimegusa ilikoanzia, mapishi yenu hayakusema lolote kuhusu hilo na mimi naona msomaji ana haki ya kujua anapika nini. Brauni ni ya Marekani. Hoteli ya Palmer House iliyoko Chicago inasimulia kwamba mwaka 1893, mji ulipokuwa na maonyesho makubwa ya dunia, Bi Bertha Palmer aliwaomba wapishi wa hoteli ile watengeneze kitu kitamu cha kutia kwenye visanduku vya chakula vya wanawake waliokuwa wakienda maonyeshoni, kitu kidogo kuliko kipande cha keki, kisichomeguka, cha kuliwa kwa mkono. Nami nikilifikiria hilo naona brauni ililetwa duniani kwa ajili ya safari. Kwetu safari ziko. Mtu anavuka Mokowe alfajiri kupanda basi la Mombasa, mtoto anakwenda shule ya bweni, wageni wanakuja Maulidi na kurudi kwao, na keki yenye krimu haifiki hata Witu njiani, brauni inafika na siku mbili tatu baadae bado yalika.

Kuna jambo jingine linonifanya nisinyamaze. Wasichana wengi wa hapa sasa wanauza keki, wanachukua oda kwenye magrupu ya WhatsApp, za arusi, za Idd, za mtoto aliyehitimu madrasa. Ni kazi ya heshima, mtu yuko kwao, ana pesa yake. Lakini wengi wameanza kwa pakiti kwasababu ndo walichoonyeshwa, na biashara ya pakiti haina faida ya maana. Pakiti likipanda bei, lako linapanda. Pakiti likikosekana, boti limekwama msimu wa kusi bahari imechafuka, oda imelala na mteja amekasirika. Na mbaya zaidi brauni yako na ya mwenzako wa mtaa wa Mkomani ni ladha moja, manake aliyetia ladha ni kiwanda, kwa hivo hamna cha kushindania isipokuwa kupunguziana bei. Yule anojua kupima kakao yake, anojua samli na kahawa na korosho, huyo ana kitu ambacho mwengine hana, na akiambiwa na mteja punguza sukari anaweza kupunguza. Aliye na pakiti hawezi kutoa sukari iliyokwisha changanywa. Huku ugonjwa wa sukari umewashika watu wengi, karibu kila nyumba pana mzee anayechoma sindano, na kupunguza mpaka gramu 200 kwenye haya mapishi niloyaandika brauni inatoka vizuri tu, ngozi ya juu itapungua kung'aa, ladha ya kakao itaongezeka. Chini ya hapo sishauri, itakauka, kwasababu sukari ndo inoshika unyevu.

Mhariri, Lamu imeandikwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO tangu 2001, na kila mwaka wanakuja watu kupiga picha milango yetu ya nakshi. Hakuna anayepiga picha mfuniko wenye makaa. Lakini mama anopalia mkate wa kumimina na kuutoa umeiva juu rangi ya dhahabu na chini haukuungua, bila kipimajoto, ana ujuzi wa moto ambao mtu wa oveni hana, na ujuzi huo unapotea nyumba kwa nyumba kwasababu vijana wanaambiwa, na magazeti mkiwemo, kwamba kuoka ni kuwa na oveni. Binti yule hakuwa amekosa chochote. Sufuria alikuwa nayo, makaa alikuwa nayo, mayai walikuwa nayo kwao, na mamake angemfundisha moto bora kuliko mimi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hivi vyatosha.

Ombi langu basi ni hili na si kubwa. Mkitoa mapishi ya kuoka, yoyote, toeni njia mbili, ya oveni na ya makaa, na mseme moto wa chini uwe kiasi gani na wa juu kiasi gani. Vipimo viwe vya gramu na vya kikombe pamoja, na mseme kikombe chenu ni cha mililita ngapi, manake vikombe vya chai vya kwetu havilingani, mimi hapo juu nimetumia cha 250. Kila mahali panapotajwa kitu cha kutoka nje, tajeni na cha hapa kinochoweza kukaa mahali pake. Na pakiti liwe mstari wa mwisho, kwa asiye na nafasi, lisiwe wa kwanza.

Mimi mkate wa mayai na mkate wa kumimina nimeshaviandika kwa gramu, pamoja na kiasi cha makaa ya juu na ya chini. Mkivitaka kwa ukurasa wenu nitavituma, na yule binti amesema atapiga picha.

Wasalaam,

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu